Mboji ya majani makavu: mwongozo kamili kwa wenye bustani Moshi na Arusha

Kuanzia mwezi wa nane hivi mpaka wa kumi, pita asubuhi Soweto au Shanty Town pale Moshi, au Njiro na Sakina kwa Arusha, utakuta moshi kila kona, watu wamefagia majani wameyarundika pembeni ya geti na kiberiti kimeshapita. Mtu huyohuyo wikiendi anasimama kwenye vitalu vya maua barabarani ananunua kiroba cha udongo mweusi wa kujazia vyungu vyake. Sasa ule udongo mweusi mara nyingi ni majani yaliyooza chini ya miti yakachanganyika na udongo kidogo, yaani unachoma kitu alafu unaenda kukinunua. Na kama umechotwa ndani ya msitu wa hifadhi bila kibali hilo ni kosa, ukiachilia mbali kwamba miche midogo ya msituni inabaki mizizi nje.

Hapa naelekeza jinsi ya kuutengeneza mwenyewe uani, kwa majani makavu na maji tu.

Kwanza ujue unatengeneza nini

Mboji ya kawaida, ile ya kuchanganya majani mabichi, samadi na maganda ya jikoni, inapata moto, katikati ya rundo joto linaweza kufika nyuzi 55 mpaka 65, na kazi kubwa pale ni ya bakteria. Hii ya majani makavu haipati moto. Majani makavu yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana, tena yana zile sehemu ngumu kama za mti ambazo bakteria wengi hawaziwezi, kwahiyo kazi inafanywa na fangasi, taratibu, kwenye ubaridi. Ndio maana ukifukua rundo baada ya muda unakutana na nyuzi nyeupe zimeshikana na majani, watu wanaogopa wanamwaga wote, usimwage, hao ndio wafanyakazi wako.

Hiyo habari ya ubaridi ndio inaamua karibu kila kitu huko mbele. Rundo lisilopata moto haliui mbegu za magugu wala haliui magonjwa ya mimea, kwahiyo unachoingiza ndicho utakachokikuta. Na fangasi wanataka unyevu muda wote, rundo likikauka kazi imesimama, sio imepungua, imesimama.

Alafu tuambiane ukweli mapema, hii sio mbolea ya kunenepesha mazao. Virutubisho vyake ni vichache. Kazi yake ni kwenye udongo wenyewe: inanyonya maji kama sponji na kuyatoa kidogo kidogo, inalegeza udongo mzito, inaupa mwili udongo mwepesi. Kule Arusha sehemu zenye udongo wa majivu ya volkano, ule wa vumbi unaomwagilia asubuhi jioni umekauka, inasaidia, na kule chini Moshi kwenye mfinyanzi unaopasuka nyufa kiangazi pia inasaidia. Ila ukitegemea sukuma wiki inawiri kwa hii peke yake utapata sukuma ya njano.

Ukitaka kuiona kabla hujaanza, nenda kihamba chochote cha zamani, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kule Kibosho, Machame au Marangu, ambako miti ya kivuli kama miruka na miringaringa inamwaga majani juu ya migomba na kahawa na hakuna mtu anayefagia. Sukuma majani ya juu kwa mkono, chini yake utakuta tabaka jeusi laini linalonukia udongo wa msituni. Wazee hawakuwa na haja ya rundo wala wavu, majani yanaozea palepale yalipodondokea. Sisi wa mjini tunaofagia mpaka udongo ung'ae ndio tunaohitaji mwongozo.

Majani ya kuchukua na ya kuacha

Majani laini yanaoza haraka: mruka, mringaringa, jakaranda (vile vijani vyake vidogo havina shida kabisa), lusina, mkuyu. Hapa weka alama moja kwenye lusina na jakaranda, toa maganda ya mbegu yote. Lusina hasa, mbegu zake zikiingia humo utaziotesha kwenye kila chungu na mti wenyewe ukishashika kuung'oa ni vita.

Majani magumu yenye nta, mwembe, mparachichi, mgrevilea, yanafaa ila yanachukua muda mrefu zaidi, ukiyaweka mazima yanalaliana yanakuwa bapa moja lisilopitisha maji wala hewa. Hayo lazima yakatwekatwe na yachanganywe na laini. Miberoshi na misonobari ni taratibu zaidi ya hapo, kama unayo mengi yawekee rundo lake uyasahau huko.

Mkaratusi mimi siweki. Una mafuta yanayozuia mimea mingine kuota na sababu ya hii mboji kwa wengi ni kuoteshea miche, sasa kwanini ujitafutie balaa. Mwarobaini kidogo kwenye mchanganyiko sio tatizo, usifanye ndio rundo zima.

Visivyoingia kabisa ni majani ya nyanya, viazi na hoho zilizougua, majani ya mgomba wenye mnyauko, magugu yenye mbegu, sangari na ndago zenye vitumba vyake, na majani yaliyofagiwa pembeni ya lami au gereji yenye oili. Plastiki zitoe mapema, vile vifuniko vya soda, vipande vya pipi, nailoni, maana zikishaanza kufunikwa na mboji huzioni tena mpaka zitokeze kwenye tuta la mchicha.

Kama uani kwako miti haitoshi, ongea na jirani au na yule kijana anayefagia kanisani au shuleni, majani yale anayachoma kwa sababu hana pa kuyapeleka, ukimpelekea viroba vitupu atakujazia kwa furaha na ukimpa cha soda ni haki yake. Msitu wa hifadhi kama Rau uache na majani yake.

Muda wa kuanza

Hili ndio watu wanaliruka. Miti yetu mingi inapukutisha kiangazi, jakaranda inamwaga majani kabla ya yale maua ya zambarau ya mwezi wa kumi, kwahiyo majani mengi unayapata wakati hakuna mvua. Kusanya mwezi wa nane mpaka wa kumi, rundo liwe limekamilika kabla vuli haijaanza, alafu acha mvua za mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili zikumwagilie bure. Januari na Februari, lile jua kali, utamwagilia mwenyewe. Masika ikianza mwezi wa tatu unafunika ili lisilowe kupitiliza. Ikifika mwezi wa sita majani laini yanakuwa tayari au karibu, yale ya mwembe na mparachichi yasogeze mpaka vuli inayofuata. Ulaya hii kazi inachukua mwaka mmoja mpaka miwili kwa sababu baridi inawasimamisha fangasi miezi mingi. Huku joto linatusaidia, Moshi mjini iko chini na ina joto kuliko Arusha iliyo kwenye mita 1,400 hivi, kwahiyo mtu wa Sakina au Ngaramtoni asishangae kuchelewa nyuma ya mtu wa Pasua.

Kukatakata

Jani zima linaoza, ila lililokatwa linaoza haraka zaidi kwa sababu fangasi anapata kingo nyingi za kuingilia. Mwenye mashine ya kukata nyasi atandaze majani chini apite nayo mara mbili tatu, imeisha. Asiye nayo, njia rahisi ni kujaza majani makavu kwenye kiroba, kufunga mdomo na kukikanyagakanyaga, au kumwaga majani kwenye njia ya kupita kila siku watoto wayasage kwa miguu wiki nzima alafu unafagia. Panga kwenye gogo linafanya kazi lakini mkono utauma na kazi yenyewe ni ndogo. Kuna wanaotandika majani bandani kwa mbuzi yakanyagwe, ni sawa, ila jua kwamba hapo yameshachanganyika na mkojo na kinyesi, utapata samadi nzuri na sio hii tunayoizungumzia.

Kabla ya kukata yanyunyizie maji kidogo na ufunge pua, hasa mwenye pumu, vumbi la majani yenye ukungu sio zuri kifuani.

Pa kuozeshea, chagua moja

Tenga la wavu. Simika mirunda minne au fito za mgrevilea, zungushia wavu wa kuku, upana mita moja, urefu mita moja, kimo mita moja. Usiende chini ya hapo sana kwa sababu rundo dogo linakauka haraka pembeni zote. Weka kivulini, chini ya mparachichi ni pazuri, na juu ya udongo wazi sio juu ya sakafu, ili nyungunyungu na jongoo wapande wenyewe kuja kula. Jongoo usiwaue, wanakusagia majani.

Shimo. Hili ni la watu wa tambarare kavu, kuanzia Njiapanda mpaka kule Kisongo, kwa sababu chini unyevu unakaa. Sentimita 60 kwenda chini zinatosha. Kwa mtu wa Kibosho juu au popote maji yanaposimama masika, shimo litageuka dimbwi na majani yatanuka, huko tumia tenga.

Kiroba. Kwa wenye uwanja wa kupaki gari moja tu. Chukua kiroba cha salfeti cha kilo 50, jaza majani yaliyokwisha kulowa, funga mdomo kwa kulegea, kilaze nyuma ya nyumba. Kile kilichofumwa kinapumua chenyewe hakihitaji matundu ila kinakauka, kile chenye nailoni ndani kitoboe sehemu kadhaa. Usikiache juani hata kidogo, jua linakivunjavunja kinakuwa vinyuzi, na vile vinyuzi vinaingia kwenye mboji ukaja kuviokota kimoja kimoja mpaka uchoke.

Kujaza na kulowesha

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka. Majani makavu hayataki maji, ukimwaga ndoo juu yanateleza yanaenda pembeni katikati kunabaki kukavu kabisa, unakuja kufungua baada ya miezi unakuta majani yako kama ulivyoyaweka. Kwahiyo usijaze tenga alafu ndio umwagilie. Weka tabaka la kimo cha shubiri moja, lowesha, geuza kwa reki, lowesha tena, shindilia kidogo kwa mguu, ndio uweke lingine. Au ukiwa na pipa, lowesha majani ndani ya pipa tangu jioni asubuhi ndio uyajaze. Maji ya kuoshea mboga na mchele ni sawa, ya sabuni, ya jiki na ya chumvi hapana.

Kipimo cha unyevu: chota konzi kutoka katikati, kamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu ni sawa. Yakitiririka yamezidi. Yasipotoka kitu na majani yanalia kakaka, ongeza.

Ukiwa na mboji ya zamani, au konzi kadhaa za lile tabaka jeusi la chini ya mti wako mwenyewe, nyunyizia katikati ya matabaka, unaleta fangasi na wadudu wao tayari. Sio lazima, watakuja tu. Kwa majani magumu matupu unaweza kuongeza nyasi mbichi zilizokatwa, sehemu moja kwa sehemu tano hivi, zinaleta naitrojeni ya kuanzia. Ukizidisha nyasi rundo litapata moto na utakuwa umeshahamia kwenye mboji ya kawaida.

Mwisho funika. Turubai bovu, majani mapana ya mgomba, gunia, chochote kinachozuia jua na kuku. Kuku wakigundua kuna nyungunyungu humo watalimaliza tenga lote, wanaparua mpaka nje ya uzio.

Miezi ya kusubiri

Kugeuza sio lazima. Ukigeuza kila mwezi mmoja au miwili yanaoza haraka zaidi kwa sababu ya nje yanaingia ndani na hewa inapita, usipogeuza yataoza tu. Kitu ambacho sio cha hiari ni unyevu, kiangazi ingiza mkono katikati kila wiki mbili upime. Naposema mkono namaanisha baada ya kuchokonoa kwa fimbo kwanza, nyoka wanapenda majani yaliyorundikwa, vaa buti na glavu.

Matatizo yanayojitokeza ni machache. Likinuka uozo, maji yamezidi na hewa hamna, lifungue, changanya majani makavu, inua kifuniko. Lisipobadilika kabisa, ni kavu katikati au ni majani mazima ya mwembe yameshikana, pangua, katakata, lowesha upya. Mchwa ndio kero yetu haswa sehemu kavu, wanakuja kwenye rundo kavu lenye vijiti wanabeba majani yako kwenda kwao, dawa ya kwanza ni kutoa vijiti na kulowesha vizuri, ya pili nyunyiza majivu ya jikoni kuzunguka nje ya tenga. Usiyamwage majivu ndani mengi, yanabadilisha hali ya mboji inakuwa ya magadi na miche mingi haipendi. Na sumu ya mchwa usipige, hii kitu unaenda kuoteshea chakula.

Rundo litashuka sana. Tenga la mita moja kila upande linabaki theluthi au hata robo, sio kwamba umeibiwa.

Imeiva?

Ikiwa ya kahawia iliyokolea au nyeusi, inavunjika vunjika mkononi, huoni tena umbo la jani na inanukia udongo, imeiva. Ikiwa bado unaona vipande vya majani ila laini vinachanika, ni nusu, na hiyo nusu ina kazi yake, usiisubiri yote.

Wapi uitumie

Piga hesabu kwanza. Tenga lako lililoshuka lina lita 250 mpaka 330, ndoo 12 mpaka 16 za lita 20. Kutandaza eneo la mita moja ya mraba kwa unene wa sentimita 5 kunakula ndoo mbili na nusu. Maana yake tenga zima ni mita tano au sita za mraba tu. Kwahiyo kuitapanya shambani ekari nzima ni kuipoteza, mimi naipeleka kwenye kitalu, kwenye viriba (vile vifuko vya nailoni vya kukuzia miche) na kwenye vyungu, pale ambapo konzi moja inaonekana.

Kuoteshea mbegu: chekecha iliyoiva kwa chekecheke la mchanga, changanya nusu kwa nusu na mchanga wa mto ulioondolewa mawe. Nyanya, hoho, sukuma, saladi, zote zinaota vizuri kwa sababu mchanganyiko hauundi ukoko juu na hauchomi mizizi kama samadi mbichi. Ila chakula kwenye huo mchanganyiko ni kidogo, mche ukishatoa majani mawili ya kweli, yale yanayofuata baada ya yale ya kwanza ya mbegu, anza kumwagilia maji ya samadi yaliyopunguzwa mpaka yawe rangi ya chai nyepesi, au hamishia kwenye udongo wenye nguvu.

Viriba vya parachichi, kahawa na miti: sehemu mbili mboji ya majani, mbili udongo wa juu, moja mchanga, moja samadi iliyooza vizuri. Vyungu vya maua ndani ya nyumba mchanganyiko huohuo unafaa, punguza samadi usije ukanukisha sebule.

Tuta la mboga: ndoo moja kwa mita ya mraba, changanya na sentimita 10 mpaka 15 za juu, pamoja na samadi yako ya kawaida. Samadi inalisha, hii inashika maji, usiondoe moja kwa sababu una nyingine. Na usichimbie majani ambayo hayajaoza, vijidudu vitachukua naitrojeni ya udongo ili viyaozeshe na mboga zako zitapauka wakati huo.

Ile nusu iliyoiva ndio matandazo ya Januari. Mwagilia udongo kwanza mpaka ulowe, tandaza sentimita 5 mpaka 8 kuzunguka nyanya, migomba au mche wa parachichi, acha nafasi ya upana wa kiganja kutoka kwenye shina lisije likaoza. Kutandaza juu ya udongo mkavu ni kuufungia ukavu chini, mvua ndogo inaishia kwenye matandazo tu.

Kuhifadhi

Usianike ikauke, ikikauka kabisa inakataa maji tena kama majani yalivyofanya mwanzo. Itie kwenye viroba ikiwa na unyevunyevu, mdomo ulegee, kivulini, mbali na kuku, itakaa mwaka bila tatizo. Yaliyobaki juu ya chekecheke, vile vipande vigumu na mishipa ya majani, rudisha chini ya tenga kabla ya kupakia majani ya msimu mpya, na tabaka la chini kabisa la sentimita 5 hivi usilizoe.